MAISHA YA ANTONIE VAN LEEUWENHOEK, MWUZA VITAMBAA ALIYEUONA ULIMWENGU WA SELI

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika toleo hili nimeonelea vema niwaletee habari za maisha ya mtu mmoja aliyefariki zamani sana, lakini ambaye kazi yake twaikuta kila wiki katika somo letu la Biolojia. Mtu huyo ni Antonie van Leeuwenhoek wa Uholanzi. Sisi wanafunzi tumezoea kukariri kwamba mwili wa kila kiumbe hai umejengwa kwa seli. Huchora seli ya mmea na seli ya mnyama katika madaftari yetu, tukaandika majina pembeni, tukapewa alama zetu, basi tukafunga daftari. Ni wachache wanaojiuliza: Je, nani aliona kwanza vitu hivi visivyoonekana kwa macho? Alivionaje? Na watu wa zamani zake walikubalije kumwamini?

Nimemchagua mtu huyu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba hakusoma chuo kikuu, wala hakujua Kilatini, lugha ambayo wataalamu wengi wa Ulaya waliiandikia siku hizo. Kazi yake ilikuwa kuuza vitambaa. Mimi baba yangu ni fundi cherehani, na nilipofika shuleni hapa mara ya kwanza nilidhani kwamba sayansi ni mali ya watoto wa madaktari na wahandisi. Habari za mzee huyu zimenibadilisha mawazo. Sababu ya pili ni kwamba maisha yake yana funzo kubwa: mtu akiona jambo geni, kazi yake haijaisha mpaka wengine nao waweze kuliona. Funzo hilo yeye mwenyewe alilishika nusu, na nusu nyingine akaiacha, kama tutakavyoona.

Kuzaliwa na Kukua Kwake

Antonie alizaliwa tarehe 24 Oktoba 1632 katika mji wa Delft. Mji huu ni wa mifereji ya maji, na katika karne ile ulisifika kwa bia yake, kwa nguo, na kwa vyombo vya udongo vyeupe vilivyopambwa kwa rangi ya samawati. Mchoraji mashuhuri Johannes Vermeer alizaliwa katika mji huo huo, na mwaka ule ule.

Baba yake, Philips, alikuwa msusi wa vikapu. Mama yake alitoka katika jamaa ya watengeneza bia. Antonie alipokuwa na umri wa miaka mitano tu baba yake alifariki dunia, na baada ya miaka michache mama akaolewa tena. Mtoto akapelekwa shule katika kijiji cha Warmond, kisha akakaa kwa jamaa yake katika kijiji cha Benthuizen. Masomo yake yalikuwa ya kawaida, ya kusoma, kuandika na kuhesabu.

Alipotimiza miaka 16, yaani umri ambao wengi wetu tunakaribia mtihani wa taifa, alipelekwa Amsterdam kujifunza biashara ya vitambaa katika duka la mfanya biashara mmoja. Huko alikaa miaka kadhaa. Mwaka 1654 akarudi Delft, akaoa mke aitwaye Barbara de Mey, akafungua duka lake mwenyewe. Walijaliwa watoto watano, lakini wanne walikufa wangali wachanga. Aliyebaki ni binti mmoja tu, Maria, ambaye alikaa na baba yake mpaka mwisho wa uhai wake. Barbara naye alifariki mwaka 1666. Twaweza kuwaza majonzi ya nyumba ile. Mwaka 1671 Antonie alioa mke wa pili, Cornelia, naye pia akatangulia kufa kabla yake.

Mbali na duka, mji ulimpa kazi mwaka 1660. Alitunza chumba cha wakuu wa mji, akikifungua na kukifunga, kukiweka safi na kuwasha moto siku za baridi. Mwaka 1669 alifaulu mtihani wa upimaji wa ardhi, na baadaye akawa mkaguzi wa vipimo vya mapipa ya mvinyo. Hizi zote ni kazi za mtu mwaminifu, mwenye jicho kali na mkono usiotetemeka, lakini hakuna hata moja kati yake ambayo ungesema ni kazi ya mtaalamu wa viumbe.

Kioo cha Kukuzia na Neno Seli

Wauza vitambaa wa siku zile walitumia kioo cha kukuzia. Mwuzaji alikiweka juu ya kitambaa, akahesabu nyuzi, akajua kama kitambaa ni kizuri au ni hafifu. Basi Leeuwenhoek alikizoea kioo hicho tangu ujana wake.

Hapa yafaa tumtaje Mwingereza mmoja, Robert Hooke. Mwaka 1665 Hooke alichapisha kitabu chenye picha kubwa za vitu vidogo, kama vile kiroboto, chawa, ukungu na nguo. Katika kitabu hicho alieleza jinsi alivyokata kipande chembamba cha gome la mti lifanyalo vizibo vya chupa, akakitazama kwa hadubini, akaona matundu mengi yaliyopangwa kama sega la nyuki. Alipoyahesabu aliona yapo zaidi ya elfu moja katika urefu wa inchi moja. Aliyaita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya vyumba vidogo, mfano wa vile wanavyokaa watawa, na neno hilo ndilo lililotupatia sisi neno seli.

Lakini yatupasa tuelewe kwamba alichokiona Hooke katika gome lile kilikuwa kuta tu. Seli zenyewe zilikuwa zimekufa zamani, vikabaki vyumba vitupu. Ni kama mtu aliyefika kijijini akakuta nyumba zimesimama na wenyeji wamekwisha hama. Aliyewaona wenyeji wakiwa hai ni yule mwuza vitambaa wa Delft.

Hadubini Zake

Hadubini za Leeuwenhoek hazikufanana na hizi zilizomo katika maabara yetu. Hadubini ya shule ina lenzi moja karibu na jicho na nyingine karibu na kitu kinachotazamwa. Aina hiyo ilikuwapo siku zile pia, lakini vioo vyake vilikuwa vibaya. Kila lenzi iliongeza ukungu na rangi za upinde wa mvua ukingoni mwa picha, hata mtazamaji asiweze kutambua aonacho. Leeuwenhoek alichukua njia nyingine. Alitumia lenzi moja tu, ndogo sana, ambayo kwa zile zenye nguvu ilikuwa kama punje ya ulezi. Kadiri lenzi ilivyo ndogo na yenye mviringo mkali, ndivyo inavyokuza zaidi.

Lenzi hiyo aliibana katikati ya vibamba viwili vya shaba au fedha vilivyotobolewa tundu dogo. Nyuma yake aliweka ncha kama ya sindano, na juu ya ncha hiyo akakiweka kitu anachotaka kukitazama. Alikuwa na skrubu za kukisogeza juu na chini, karibu na mbali. Chombo chote kiliweza kulala katika kiganja cha mkono. Mtazamaji alikileta karibu kabisa na jicho, akaelekea kwenye mwanga, akatazama kwa taabu mpaka jicho likatoa machozi.

Vyombo hivi alivitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, akaunda lenzi zipatazo 500 katika maisha yake. Hadubini zake zilizosalia leo ni chache mno. Iliyo bora miongoni mwa zinazojulikana sana imehifadhiwa katika mji wa Utrecht, nayo hukuza kitu kiasi cha mara 270. Tukumbuke kwamba lenzi kubwa ya hadubini nyingi za shule hukuza mara 400. Basi mtu huyu, peke yake, dukani kwake, zaidi ya miaka 300 iliyopita, hakuwa mbali nasi.

Maji ya Ziwa na Tone la Damu

Katika London kulikuwa na chama cha wataalamu kiitwacho Royal Society, kilichoanzishwa mwaka 1660. Mwaka 1673 daktari mmoja wa Delft, Reinier de Graaf, alikiandikia chama hicho kwamba mjini kwake yuko mtu atengenezaye hadubini zinazoshinda zote. Tangu mwaka huo Leeuwenhoek akaanza kuandika barua zake kwa Kiholanzi, lugha ya nyumbani kwao, na huko zikatafsiriwa. Barua ya kwanza ilieleza juu ya ukungu, mwiba wa nyuki na chawa.

Mwaka 1674 alichukua maji katika ziwa moja karibu na Delft. Wenyeji walijua kwamba maji yale huwa safi wakati wa baridi, lakini kiangazi hugeuka kuwa na rangi nyeupe yenye mawingu ya kijani. Watu walisema ni umande ndio unaoyachafua. Leeuwenhoek hakuridhika na maneno hayo. Alichota maji katika chupa, akayatazama siku iliyofuata, akaona nyuzi za kijani zilizojizungusha kama nyoka, na katikati yake vinyama vidogo sana, vya rangi mbalimbali, vikienda upesi huku na huko. Vilikuwa viumbe ambao mwili wao mzima ni seli moja tu: seli hiyo moja hula, hupumua, hutembea na huzaa.

Mwaka ule ule alieleza habari za damu. Alichukua damu yake mwenyewe, akaona kwamba si maji mekundu kama inavyoonekana, bali ni maji maangavu yenye chembe ndogo nyekundu zinazoelea ndani yake. Alikadiria kwamba chembe moja ni ndogo mara 25,000 kuliko punje laini ya mchanga. Hizi ndizo seli nyekundu za damu ambazo kazi yake ni kuchukua oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini. Leo tunajua kwamba upana wa seli moja ni kama sehemu 7 au 8 za milimita moja iliyogawanywa mara 1,000. Hata kwenye damu ya samaki alitazama, akaona kwamba kila seli ina alama katikati. Alama hiyo ni kiini cha seli, kitu ambacho seli nyekundu za binadamu hazina zikishakomaa, lakini za samaki zinacho. Aliiona na kuichora ingawa hakujua kazi yake.

Maji ya Pilipili na Mashaka ya Wataalamu

Sasa twafika kwenye jambo lililompatia sifa na taabu pamoja. Leeuwenhoek alitaka kujua kwa nini pilipili manga inawasha. Alidhani kwamba huenda pilipili ina miiba midogo inayochoma ulimi. Akaroweka pilipili katika maji, akaiacha siku nyingi, akawa anatazama. Miiba hakuiona. Badala yake, mwaka 1676, aliona vinyama vidogo kuliko vyote alivyowahi kuviona, vingi kupita kiasi ndani ya tone moja la maji. Hao walikuwa bakteria. Dhana yake juu ya pilipili ilikuwa si sahihi, lakini kwa kutazama kwa uangalifu alipata kitu kikubwa kuliko alichokitafuta.

Tarehe 9 Oktoba 1676 aliandika barua ndefu London kueleza mambo hayo. Wakubwa wa chama wakashangaa. Je, wamwamini nani? Mwuza vitambaa asiyejua Kilatini asema kwamba katika tone la maji mna viumbe maelfu kwa maelfu, na hakuna mwingine aliyewaona! Wakamtaka mmoja wao, Nehemiah Grew, ajaribu.

Leeuwenhoek hakukasirika wala hakunyamaza. Aliwaita watu wanaoheshimiwa, miongoni mwao wachungaji wa kanisa, akawapa nafasi watazame kwa macho yao wenyewe. Ushahidi wa watu wanane, uliotiwa sahihi, ukapelekwa London. Kule London nako Robert Hooke, ambaye hadubini zake za zamani hazikuwa na nguvu ya kutosha, alitengeneza nyingine bora, akaroweka pilipili, akajaribu mara kadhaa bila kufaulu. Hatimaye, tarehe 15 Novemba 1677, aliwaonyesha wanachama vinyama hao, wakashuhudia wote.

Mimi nadhani hapa ndipo penye kiini cha habari hii. Wataalamu wale hawakufanya vibaya kutia mashaka. Kama wangeamini kila barua iliyofika, sayansi ingejaa uvumi. Lakini pia hawakuitupa barua kwa sababu mwandishi wake ni mtu mdogo. Walifanya lililo sawa: walijaribu wenyewe. Mwaka 1680 walimchagua Leeuwenhoek kuwa mwanachama wao kamili, ingawa yeye hakuhudhuria mkutano wao hata mmoja. Aliendelea kuwa mwenyeji wa Delft, akatuma barua zipatazo 190 kwa muda wa miaka 50.

Mambo Mengine Aliyoyaona

Nikiyataja yote gazeti letu halitatosha. Mwaka 1677 alieleza mbegu za kiume za binadamu na wanyama, ambazo ni seli zenye mkia. Alitazama misuli akaona mistari yake. Alitazama mkia wa mkunga akaona damu ikipita katika mishipa myembamba sana, toka mishipa inayoileta mpaka ile inayoirudisha moyoni. Peter Mkuu, mfalme wa Urusi, alipopita Delft mwaka 1698, alimwita mzee huyu katika chombo chake majini ili aonyeshwe ajabu hiyo.

Alipinga pia imani ya zamani kwamba wadudu hujizusha wenyewe kutokana na uchafu na uozo. Watu waliamini kwamba fukusi hutoka katika nafaka yenyewe. Yeye akaonyesha kwamba fukusi hutaga mayai, na mayai ndiyo yanayotoa fukusi wengine. Kila aliyeweka mahindi ghalani anajua umuhimu wa habari hiyo.

Jambo lililonifurahisha zaidi ni la mwaka 1683. Leeuwenhoek alisugua meno yake kwa chumvi kila asubuhi, lakini bado aliona utando mweupe umebaki kati ya meno. Akaukwangua, akauchanganya na maji safi ya mvua, akaona bakteria wakicheza ndani yake. Akatazama kinywa cha mzee mmoja asiyesafisha meno maishani mwake, akakuta wengi mno. Akafikia uamuzi kwamba katika kinywa cha mtu mmoja mna viumbe wengi kuliko watu wote wa Uholanzi. Baadaye aligundua kwamba kahawa ya moto aliyoinywa iliwaua wale wa meno ya mbele. Hivyo alikuwa amekwisha ona kwamba joto huua vijidudu, ingawa hakujua bado kwamba baadhi yao huleta magonjwa. Jambo hilo ndilo sababu ya mama zetu kuchemsha maji ya kunywa.

Siri Aliyoizuia

Sasa lazima niseme na upande wa pili, maana kumsifu mtu kwa uwongo si kumheshimu. Leeuwenhoek aliwaonyesha watu vinyama, lakini hakuwaonyesha jinsi ya kutengeneza lenzi zake bora. Wageni waliofika nyumbani kwake walipewa hadubini za kawaida. Zile kali kuliko zote alijiwekea mwenyewe. Hakuwa na mwanafunzi, wala hakuandika kitabu cha kueleza ufundi wake.

Alifariki tarehe 26 Agosti 1723 akiwa na umri wa miaka 90, akazikwa katika Kanisa la Kale la Delft. Mpaka siku zake za mwisho alikuwa akiandikisha barua za London. Aliwausia wanachama wa Royal Society hadubini 26 za fedha, na binti yake Maria akazipeleka, lakini katika karne ya 19 zikapotea. Baada ya kifo chake wachache tu waliweza kuona alichokiona, na elimu ya bakteria ikaenda polepole kwa zaidi ya miaka 100. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Hapa aliyezuiwa asizae ni ufundi.

La ajabu ni kwamba mwaka 2021 wataalamu wa Uholanzi waliipiga picha ile hadubini ya Utrecht kwa miali ya nyutroni, ambayo hupenya shaba bila kuifungua. Wakakuta kwamba lenzi yake ni punje ya kioo kilichoyeyushwa katika moto, kwa njia inayofanana na ile aliyoieleza Robert Hooke katika maandishi yake. Siri iliyofichwa kwa karibu miaka 350 ilikuwa karibu na jambo ambalo tayari lilikuwa limechapishwa.

Waliofuata Njia Yake

Lenzi nzuri za hadubini zenye vioo vingi zilipopatikana katika miaka ya 1830, kazi ilianza upya. Mwaka 1831 Robert Brown wa Scotland alieleza kwamba seli za mimea huwa na kiini. Mwaka 1838 Matthias Schleiden, Mjerumani, alisema kwamba mimea yote imejengwa kwa seli, na mwaka 1839 mwenzake Theodor Schwann akasema ndivyo na wanyama walivyo. Mwaka 1855 daktari Rudolf Virchow alitangaza kwamba kila seli hutokana na seli nyingine iliyoitangulia. Hayo matatu ndiyo msingi wa elimu ya seli: viumbe hai wote ni wa seli, seli ndiyo sehemu ndogo kuliko zote iliyo hai, na seli huzaliwa na seli.

Katika kila seli mna utando wa nje unaochagua kipi kiingie na kipi kitoke, na ndani yake mna saitoplazimu, ule ute ambamo kazi za uhai hufanyika. Seli za mimea na wanyama zina kiini kinachotunza maagizo ya urithi. Mimea imeongezewa ukuta mgumu, na katika majani yake kloroplasti za kijani zinazotengeneza chakula kwa nguvu za jua. Bakteria wa Leeuwenhoek wana utando na ukuta, lakini kiini hawana. Maagizo yao ya urithi yamo tu ndani ya saitoplazimu.

Muhula uliopita darasa letu lilitazama ngozi nyembamba ya kitunguu iliyotiwa tone la ayodini. Hadubini zilikuwa chache nasi tulikuwa wengi, hata kila mmoja akapata dakika mbili tu. Hata hivyo, niliona vyumba virefu vimepangwa kama matofali, na ndani ya kila chumba doa la kahawia. Doa lile lilikuwa kiini. Nilikuwa nimekwisha lichora zaidi ya mara kumi, lakini siku ile ndiyo mara ya kwanza nililiamini.

Na asidhani mtu kwamba mambo haya ni ya mtihani tu. Mwaka 1880 daktari Mfaransa Alphonse Laveran, akiwa Algeria, aliona vimelea vya malaria ndani ya damu ya mgonjwa. Hata leo, mgonjwa afikapo hospitali huchomwa kidole, likachukuliwa tone la damu, mtaalamu wa maabara akalitazama kwa hadubini. Anatafuta kimelea kilichojificha ndani ya seli nyekundu, zile zile ambazo mwuza vitambaa alizieleza mwaka 1674. Maisha ya mtoto huweza kutegemea jicho la mtaalamu huyo.

Mafunzo Kwetu

Kwa hiyo, wanafunzi wenzangu, twapata mafunzo matatu. Kwanza, tusijidharau kwa sababu ya kazi za wazazi wetu au shule tulizotoka. Elimu haimwulizi mtu baba yake ni nani. Humwuliza kama ametazama vizuri. Pili, tukitiliwa mashaka tusinune, bali tumkaribishe mwenzetu atazame pia. Na anayesikia jambo geni asilicheke kabla ya kulijaribu. Tatu, tukijua kitu tusikifiche. Mwanafunzi anayeelewa hesabu akamwacha jirani yake wa bwenini ahangaike peke yake anarudia kosa la mzee wa Delft bila kuwa na sifa zake.

Kwa walimu wetu natoa shukrani kwa kutuvumilia tunapogombea hadubini. Na kwa wazazi wanaosoma ukurasa huu, nawaomba mtoto akirudi likizo akaanza kutazama maji ya mtungi au mbawa za nzi kwa kipande cha kioo, msimkaripie kwamba anapoteza wakati. Huenda anaanza kazi.